Patrice Lumumba na mlango wa tatu wa shule

Kila asubuhi, Butembo na Beni, watoto wenye mashati meupe na sketi au suruali za bluu wanagawanyika njiani. Wengine wanaingia shule za Wakatoliki, wengine shule za Waprotestanti, na wengine shule ya serikali, ambako mwalimu haulizi mtoto anasali wapi. Mzazi anaangalia umbali wa njia, malipo na matokeo ya Exetat, kisha anachagua. Wachache wanajiuliza mlango huo wa tatu ulifunguliwa lini, na nani.

Mwaka 1950 haukuwapo. Mtoto mweusi wa Beni au Lubero aliyetaka kujua kusoma na kuandika alipaswa kupita kwa mapadri au kwa wamisionari Waprotestanti. Shule ilikuwa ya kanisa, na kanisa ndilo lililoshika ufunguo.

Mmoja wa Wacongo waliosimama wazi upande wa shule isiyo ya dini ni mtu ambaye kila mtoto wa nchi hii anajua jina lake. Patrice Emery Lumumba anakumbukwa kama waziri mkuu wa kwanza wa Congo huru, aliyeuawa Katanga. Kifo chake kinajulikana kuliko maisha yake. Kabla ya mikutano mikubwa na hotuba, alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, ambao wafanyabiashara wa Butembo wanaufikia kwa kupita Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Huko aliingia katika jamii ndogo ya watu wa mawazo huru, waliosema dini ni shauri la moyo wa kila mmoja, na kwamba serikali inapaswa kumtazama mtu kama mtu tu. Jamii hiyo ilimfunza mengi. Pia ilimletea maadui ambao hakuwaacha nyuma mpaka mwisho.

Kati ya misioni mbili

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, teritwari ya Katako-Kombe, huko Sankuru. Wazazi wake walikuwa Watetela, wakulima wa kawaida. Wakati huo nchi ya Watetela iligawanywa na misioni mbili zilizoshindana: Wamethodisti kutoka Marekani waliokuwa Wembo Nyama, na mapadri Wakatoliki waliokuwa Tshumbe. Kila upande ulikuwa na shule yake, kanisa lake na hospitali yake, na kila upande ulihesabu watoto wake.

Kijana Lumumba alipita pande zote mbili. Alisoma kwa Waprotestanti, akasoma kwa Wakatoliki. Kwa mtoto mwenye akili ya haraka, somo la kwanza halikuwa katika kitabu. Aliona kwamba watu wawili wanaomwomba Mungu mmoja wanaweza kugombania mtoto mmoja, na kwamba mtoto anaweza kufungiwa mlango kwa sababu ya mahali alipobatizwa. Hata hivyo, herufi alizipata hapo hapo. Maisha yake yote alibeba mambo hayo mawili pamoja: deni kwa misioni, na uchungu kwa ajili ya misioni.

Karibu mwaka 1943 aliondoka nyumbani. Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa Kalima, Maniema, kwenye kampuni ya madini ya Symétain iliyochimba bati. Wakati huo Maniema ilikuwa katika jimbo moja na Beni na Lubero, jimbo la Costermansville, ambalo mwaka 1947 lilipewa jina la Kivu. Kwa hiyo mshahara wake wa kwanza kijana huyu wa Sankuru aliupata katika jimbo letu. Mwaka uliofuata alifika Stanleyville.

Shule ya tatu

Stanleyville ilimfaa. Ulikuwa mji wa mto, wa maofisi na wa makabila mengi, ambapo Kiswahili na Lingala vilikutana sokoni. Lumumba, ambaye lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kitetela, alizijua zote mbili pamoja na Kifaransa na Tshiluba. Aliingia kazi ya serikali, kisha akatumwa Léopoldville kwenye shule ya posta. Masomo yalichukua mwaka mmoja, naye akayamaliza kwa alama za juu.

Shule hiyo ya posta ilikuwa ya serikali. Haikuwa ya padri wala ya mchungaji. Mwanafunzi alipimwa kwa hesabu, kwa maandishi na kwa namna ya kupanga barua na pesa. Katika maisha ya Lumumba hiyo ndiyo shule ya tatu, na ndiyo iliyompa mkate.

Alirudi kwenye posta ya Stanleyville, na saa za jioni akazitumia kwa vitabu. Alisoma Voltaire na Jean-Jacques Rousseau, Wafaransa wa karne ya 18 walioandika juu ya haki za mtu na juu ya watawala wanaojificha nyuma ya dini. Alipenda pia Molière na Victor Hugo. Mwaka 1952 Mfaransa mmoja mtafiti, Pierre Clément, alifika Stanleyville kuchunguza maisha ya watu weusi wa mji kwa ajili ya kazi ya UNESCO. Lumumba alimsaidia katika kazi hiyo, na wakawa marafiki. Kwa karani mweusi wa wakati ule, kukaa mezani na Mzungu anayekuuliza unafikiri nini, badala ya kukuambia ufikiri nini, lilikuwa jambo geni.

Lumumba hakupenda kukaa peke yake. Popote alipofika alitafuta chama, na kama hakuna, alikianzisha. Alikuwa katika chama cha watu wa posta na akasimamia gazeti lao, L'Écho postal. Alikuwa katika chama cha wale walioitwa kwa Kifaransa évolués, yaani Wacongo waliosoma na kufanya kazi za ofisi. Aliongoza chama cha wafanyakazi weusi wa serikali katika eneo lake. Aliandika katika La Voix du Congolais, na hata katika La Croix du Congo, gazeti la Wakatoliki. Hakuchagua msomaji kwa dini yake.

Nani alishika ufunguo

Ili kuelewa kwa nini shule ikawa vita, tunapaswa kurudi nyuma kidogo. Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru la Congo la mfalme Léopold wa Pili lilifanya mapatano na Vatikano. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufundisha. Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, iliendelea na njia hiyo. Toka miaka ya 1920 serikali ililipia shule za misioni za Wabelgiji Wakatoliki. Waprotestanti, ambao wengi wao walikuwa Waingereza, Wamarekani na watu wa Skandinavia, walingoja msaada huo mpaka baada ya Vita ya Pili ya Dunia.

Kwetu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1929 mapadri Waasumpsionisti walifika katika nchi ya Beni na Lubero. Mwaka 1938 mmoja wao, Henri Piérard, akawekwa kuwa vikari wa Roma kwa Beni, na baadaye akawa askofu. Waprotestanti nao walijenga misioni yao Katwa, pembeni ya Butembo. Kutoka kwa hawa na wale walitoka walimu, wauguzi, makarani na mafundi wa kwanza wa Wanande na jirani zao. Hakuna anayeweza kuandika historia ya eneo hili bila wao.

Lakini mpango huo ulikuwa na shida yake. Mzazi asiyekuwa wa kanisa lolote hakuwa na pa kupeleka mtoto. Mwislamu wa Kirundu au Kasongo aliogopa mtoto wake abadilishwe dini. Mwalimu aliyegombana na padri alipoteza kazi na nyumba siku moja. Na mwaka 1946, serikali ilipofungua shule zisizo za dini, ilizifungua kwa watoto wa Wazungu. Mzungu alikuwa na haki ya kuchagua. Mweusi hakuwa nayo.

Mwaka 1954

Mwezi wa Aprili 1954 Wabelgiji walipiga kura, na chama cha Wakatoliki kikaondoka madarakani. Wasosialisti na Waliberali waliunda serikali pamoja, na Mliberali Auguste Buisseret akawa waziri wa makoloni. Chama chake, kilichozaliwa mwaka 1846, kilikuwa nyumba ya zamani ya watu wa mawazo huru wa Ubelgiji: wale waliotaka kanisa libaki kanisani na serikali ibaki serikalini. Wengi wao walisoma katika chuo kikuu huru cha Brussels, kilichoanzishwa mwaka 1834 ili mtu achunguze kila jambo kwa akili yake bila kuomba ruhusa ya kanisa.

Buisseret alituma watu kuchunguza masomo ya Congo, kisha akaanza kufungua shule za serikali kwa watoto weusi. Mwaka 1956 chuo kikuu cha serikali kilifunguliwa Élisabethville, miaka miwili baada ya Lovanium ya Wakatoliki. Pesa za misioni zikaguswa, na maneno yakawa makali. Ubelgiji kwenyewe kulikuwa na ugomvi huo huo, ulioitwa vita vya shule, uliokwisha mwaka 1958 tu kwa mapatano ya vyama vyote. Kwa mara ya kwanza, Wacongo waliona Wazungu wakigombana mbele yao.

Hapo Lumumba alichagua upande. Mwaka 1955 alikuwa mkuu wa vyama vya cercles vya eneo la Stanleyville, na akajiunga na chama cha Waliberali wa Ubelgiji. Hakuwa mwanachama wa jina tu. Alitengeneza maandishi ya chama na kuyagawa. Katika mji ambao karani mweusi aliishi kwa barua nzuri ya padri wake, hiyo haikuwa hatua ndogo. Kuwa mtu wa shule ya serikali kulimaanisha kutazamwa kama mtu anayepinga mapadri, na kupinga mapadri kulimaanisha, kwa wengi, kumpinga Mungu.

Shabaha ya Lumumba haikuwa kupiga vita imani ya watu. Alitoka katika jamaa ya waumini, aliishi kati ya waumini, na wenzake wengi katika vyama walikuwa Wakatoliki safi. Alichokipata kwa Waliberali ni wazo moja ambalo lilimkaa: kwamba utu wa mtu hautoki kwa kanisa, wala kwa kabila, wala kwa rangi, na kwamba haki za mtu hazipaswi kupitia mkononi mwa yeyote kati ya hao. Katika cercle, Mtetela, Mkusu, Mlokele na Mbangala walikaa meza moja. Hakuna aliyeulizwa cheti cha ubatizo. Walibishana juu ya mishahara, nyumba, vitabu na sheria. Kwa mtu aliyekua kati ya misioni mbili zinazogombana, ilikuwa kama kupata hewa.

Karatasi ya utu

Wazo hilo lilikuwa zuri kwenye karatasi, lakini maisha ya koloni yalilipima kila siku. Toka mwaka 1952 kulikuwa na sheria iliyompa Mcongo aliyesoma nafasi ya kuandikishwa katika daraja la karibu na Wazungu. Kwanza alichunguzwa. Watu wa serikali waliingia nyumbani, wakaangalia namna familia inavyokula, inavyolala na inavyosema Kifaransa. Lumumba aliomba, akakataliwa, akaomba tena, na mwaka 1954 akapata. Waliopata karatasi hiyo katika nchi nzima walikuwa wachache sana.

Aliyekuwa nayo aligundua haraka kwamba haibadilishi mengi. Mshahara wake haukuwa sawa na wa Mbelgiji aliyeketi kwenye meza ya pembeni, aliyefanya kazi ile ile. Marafiki zake Waliberali walitaka shule bila padri, lakini wengi wao hawakuona haraka ya kutaka Congo bila bwana. Walihitaji Wacongo katika ugomvi wao wa nyumbani. Wacongo nao waliwahitaji. Urafiki huo ulikuwa wa kweli, na ulikuwa na mpaka wake.

Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba alikuwa kati ya waliozungumza naye. Mwaka uliofuata, kati ya Aprili na Juni 1956, alikwenda Ubelgiji pamoja na wenzake katika safari iliyopangwa na wizara ya makoloni. Aliona Wazungu wanaofagia njia, Wazungu wanaolima na Wazungu maskini. Aliona kwamba huko mkulima na waziri wanapiga kura moja moja. Alirudi nyumbani akiwa karani anayejulikana kuliko wote Stanleyville.

Mwezi wa Julai 1956 alikamatwa. Katika hesabu za posta kulikosekana zaidi ya franga 100,000, na yeye ndiye aliyezichukua. Hakuna haja ya kuficha jambo hilo. Alikuwa na familia, wageni wengi, vyama vingi, na maisha ya évolué yalidai nguo, vitabu na mapokezi ambayo mshahara wa mtu mweusi haukuweza kulipia. Sababu hizo zinaeleza kosa, hazilifuti. Mahakama ilimfunga, adhabu ikapunguzwa, naye akatoka gerezani mwezi wa Septemba 1957.

Gerezani aliandika kitabu kirefu kuhusu hali ya Congo, kilichotolewa mwaka 1961 tu, yeye akiwa amekwisha kufa. Anayekisoma leo akitafuta Lumumba wa uhuru anashangaa. Bado ni mtu wa Stanleyville anayeandika: anaomba Wabelgiji na Wacongo waelewane, anaomba mabadiliko ya polepole, anaomba mtu mweusi aheshimiwe. Hakuwa amefika mwisho wa njia.

Chama bila kabila

Baada ya gereza alihamia Léopoldville na kuuza bia ya Polar. Huko alipanua lile alilojifunza katika cercle. Mwezi wa Oktoba 1958 chama cha MNC kilizaliwa, naye akawa mkuu wake. Vyama vingi vya wakati huo vilijengwa juu ya kabila au eneo. MNC ilitaka kuwa ya Wacongo wote. Kati ya waanzilishi walikuwamo watu kama Joseph Ileo, aliyetoka katika kundi la Wakatoliki la Conscience africaine. Mliberali wa zamani wa Stanleyville na Wakatoliki wa Léopoldville walianza pamoja, jambo linaloonyesha kwamba kwa Lumumba mstari haukupita kati ya aaminiye na asiyeamini.

Mwezi wa Desemba mwaka huo alikwenda Accra, kwenye mkutano mkuu wa watu wa Afrika, na kurudi akidai uhuru bila kungoja. Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwezi wa Julai 1959 MNC ilipasuka: Ileo, Adoula na Kalonji wakaondoka. Mwezi wa Oktoba kongamano la chama Stanleyville liliishia katika fujo na vifo, na Lumumba akafungwa tena. Alitolewa gerezani Januari 1960 ili aende Brussels, kwenye Meza ya Duara, ambako tarehe ya uhuru ilipangwa.

Katika uchaguzi wa Mei 1960, upande wake ulipata viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama kingine chochote. Huku Kivu nguvu ilikuwa kwa CEREA, chama kilichoanzia Bukavu mwaka 1958 chini ya Anicet Kashamura wa Idjwi. Kashamura aliingia katika serikali ya Lumumba kama waziri wa habari. Serikali hiyo ilikusanya watu wa vyama vingi, makabila mengi na dini mbalimbali. Ilikuwa kama cercle ya Stanleyville iliyokuzwa kuwa nchi.

Lakini nchi si cercle. Siku tano baada ya uhuru wanajeshi waliasi. Tarehe 11 Julai Katanga ilijitenga. Katika joto hilo Lumumba naye alisahau somo lake mwenyewe. Mwezi wa Agosti serikali yake ililifunga Courrier d'Afrique, gazeti la upande wa Wakatoliki lililomkosoa. Mtu aliyejengwa na magazeti na mabishano huru aliziba mdomo wa waliobishana naye. Makanisani jina lake lilikuwa limeanza kutajwa pamoja na neno ukomunisti, na hatua hiyo haikuwatuliza waliomwogopa. Upande wa pili, wengine walimwita mkomunisti kwa sababu iliwafaa, ingawa mizizi ya mawazo yake ilikuwa kwa Voltaire na kwa Waliberali wa Brussels.

Njia ya kurudi Stanleyville

Tarehe 5 Septemba rais Kasa-Vubu alimwondoa kazini. Tarehe 14 Mobutu, mkuu wa majeshi, alichukua nguvu. Lumumba alifungiwa nyumbani kwake akizungukwa na askari. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka na kushika njia ya mashariki, kuelekea Stanleyville, mji uliomkuza na ambako wenzake walikuwa wanamngoja. Alisimama njiani kuzungumza na watu. Alikamatwa Lodi, kwenye mto Sankuru. Stanleyville hakufika.

Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa kwa ndege Élisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku huo huo wote watatu walipigwa risasi, mbele ya viongozi wa Katanga na Wabelgiji waliowatumikia. Lumumba alikuwa na miaka 35. Miili ilifukuliwa na kuharibiwa kwa tindikali ili kaburi lisiwepo. Aliacha mjane, Pauline Opango, na watoto wadogo.

Kile kilichofuata ni sehemu chungu ya historia hii, na watu wa Beni na Butembo wanaijua. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliinuka wakitaja jina la Lumumba. Waliteka Stanleyville mwezi wa Agosti, na walifika hata kwetu. Waliua wasomi, makarani na watumishi wa serikali, watu wa aina ile ile ya Lumumba. Waliua pia mapadri, wachungaji na masista. Tarehe 1 Desemba 1964 Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, naye mwaka 1985 Kanisa likamtangaza kuwa mwenye heri. Mtu aliyetaka watu wa kila imani wakae meza moja hakuwa hai tena kusema kwamba hiyo haikuwa njia yake.

Mwaka 1966 Mobutu, aliyekuwa na mkono katika kuanguka kwake, alimtangaza shujaa wa taifa. Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu huyo huyo alinyang'anya makanisa shule zote na kuondoa somo la dini. Kwa kuangalia kwa haraka, mtu angesema ndoto ya shule ya serikali imetimia. Haikuwa hivyo. Waliberali wa Stanleyville walitaka mlango wa tatu ufunguliwe, si milango miwili ifungwe. Serikali haikuweza kubeba mzigo huo, na tarehe 26 Februari 1977 ilisaini mapatano na makanisa ili yarudi kusimamia shule zao chini ya sheria ya nchi. Kutoka hapo tunapata jina tunalolitumia mpaka leo, shule za conventionnées.

Kilichobaki

Tarehe 20 Juni 2022, huko Brussels, Ubelgiji ilikabidhi familia jino moja, kitu pekee kilichobaki cha mwili wa Lumumba, ambacho polisi Mbelgiji alikuwa amejiwekea. Jeneza lilitembezwa katika nchi. Lilipita Sankuru na lilifika Kisangani, mji ule aliokuwa anaukimbilia alipokamatwa, miaka 61 baadaye. Tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa.

Ibara ya kwanza ya Katiba ya mwaka 2006 inasema Congo ni nchi isiyo na dini ya serikali. Maneno hayo ni machache, na wengi wanayapita bila kusimama. Lakini Butembo maana yake inaonekana kwa macho. Katika mji mmoja kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichozaliwa mwaka 1989 wakati wa askofu Emmanuel Kataliko, na kuna Chuo Kikuu cha serikali cha Ruwenzori. Beni ina Chuo Kikuu cha serikali cha Semuliki. Vijana wa jamaa moja wanasoma mmoja huku, mwingine kule, na jioni wanakula sahani moja.

Shule ya serikali bado ina shida zake. Toka Septemba 2019 masomo ya msingi ni ya bure kwa sheria, lakini madarasa yamejaa na mwalimu analalamikia mshahara. Vijijini mwa Beni vita vimefunga madarasa ya pande zote tatu, bila kuuliza ya nani. Watoto waliokimbia wanaketi mahali walipopokelewa, wakati mwingine katika shule ya Wakatoliki, wakati mwingine kwa Waprotestanti, wakati mwingine kwa serikali. Anayewapokea haangalii cheti cha ubatizo. Anaandika jina la mtoto kwenye daftari, anamwonyesha benchi, na masomo yanaanza.